Dimaharabu

Gereji ya Harnam Singh, nyuma ya stesheni ya Kisumu:
baba alikaza nati hata ikakatika shingo,
na tajiri akachomoka chini ya lori,
kilemba kimelowa oili,
akajigonga kipaji kwa spana namba kumi na saba.
"Oyoo! Dimaag kharaab!"

Baba hakujua Kipunjabi. Alijua bei ya nati.
Ila jioni alilibeba neno hadi Nyalenda
pamoja na nusu mkate,
na wiki haikuisha likawa letu.
Redio ikikoroma: dimaharabu.
Kuku akitaga juu ya kitanda cha mgeni: dimaharabu.
Owuor na kumi na moja yake kwa mia, hesabu.
Dani alimtukania mbuzi,
nami nilifika darasa la sita nikiapa
kwamba ni Kijaluo safi, cha kale,
kilichotembea na ng'ombe kutoka kaskazini.

Maalim Athmani wa Manyatta Arab
ndiye aliyenivua ujinga,
siku aliyokuja kupigwa picha ya kiuno.
Dimaghi, alisema,
akiikwaruza ghaini hadi koo likamwasha,
ni ubongo kwa Kiarabu.
Na kitenzi chake ni pigo:
kumpasua mtu kichwa mpaka jeraha liguse ndani.
Waajemi walilichukua, likawateremka usoni;
leo wakilitaja wanashika pua.
Waturuki wakalitia vitabuni.
Kule Delhi likaota maringo:
mwenye nalo sana hasalimii watu.

"Na sisi, Maalim?"

"Sisi tulichukua akili. Tukachukua fikira, na fahamu.
Ubongo tulikuwa nao."
Akacheka, kiuno kikamkumbusha.
"Hata ninyi mnao. Dani yako si husema obuongo?"

"Na harabu?"

"Ah, hilo. Umeharibu vitu vingapi tangu uzaliwe?"

Basi baba, bila darasa, bila kamusi,
mikono yote miwili ndani ya injini,
alisikia neno likibisha
akaitambua nusu yake kwa sauti tu:
ndugu aliyezungukia Lahore,
akaja kwa reli,
akashuka kituo cha mwisho
amechoka, ana vumbi, na bado anaitika jina.

Jumanne wamemleta Harnam.
Miaka themanini na minne, mwepesi kama kikapu.
Nililaza kichwa chake ndani ya pete ya mashine;
kilemba alikipakata binti yake Jasbir.
Kwenye kioo, upande wa kushoto,
doa jeusi, ukubwa wa kokwa ya embe.

Kiingereza kimekwenda.
Kiswahili cha gereji kimekwenda,
na yale matusi ya Kijaluo
aliyoyajua kuliko mimi.
Kipunjabi chenyewe, anasema Jasbir,
kinatoka kama mfereji wa Kondele mwezi wa ukame:
kikohozi, kutu,
halafu hewa.

Nilipomtoa akaisoma beji yangu. Oyoo.
Akaisoma tena.
Akanyanyua mkono ulio mzima,
akajigonga kipaji, bila spana.
"Di," akasema.
"Di. Ma."
Pakawa kimya. Jasbir akageukia ukuta.

"Harabu," nikamalizia.

Nusu ya uso wake ikacheka.
Nusu nyingine ilikaa palepale,
kama mtu asiyeelezwa mzaha.

Kwenye fomu nikajaza: ubongo, kushoto.
Nikanawa mikono. Nikampigia baba.
Nikamwambia, tajiri wako yuko hapa,
nadhani amekuulizia.

"Anasemaje?" akauliza baba,
na nyuma yake nikasikia
redio ikikoroma.